Nzi Alituhamisha, Maji Yakatufuata

Babu yangu mzaa mama alihamishwa kwa sababu ya nzi. Ilikuwa miaka ya 1930, naye kijana anayeanza kuota ndevu, kwao wakiishi mashariki ya Kibondo kuelekea mabonde ya Moyowosi. Kila mzee alikuwa na mji wake peke yake, migomba yake, na mizinga ya nyuki porini. Serikali ya Mwingereza ikaleta karani, tarishi na amri: hameni, mkajenge pamoja mahali mtakapoonyeshwa. Waliochelewa kubomoa walibomolewa. Sababu waliyopewa ilikuwa malale.

Mpaka anaingia kaburini mzee yule hakuikubali sababu hiyo. "Nzi gani anayejua kuhesabu watu?" alikuwa akituuliza, kwa maana mara tu walipokusanyika mtoza kodi hakuhangaika tena kupanda na kushuka milima. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kusomea kazi ya bwana afya na kurudi kufanya kazi kwetu, Kitanga na kata za jirani wilayani Kasulu, nilimweleza babu kwamba nzi alikuwepo kweli. Akaniambia kodi nayo ilikuwepo. Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo naona wote wawili tulisema kweli.

Malale yetu, ya huku mashariki mwa Afrika, huenezwa na mbung'o wa misitu ya miombo. Mbung'o hunyonya damu ya mnyama mwenye vimelea, mara nyingi pongo, ngiri au ng'ombe, na mnyama mwenyewe pengine haonyeshi dalili yoyote. Kisha huja kwa binadamu. Homa inaanza, kichwa kinauma, tezi zinavimba. Vimelea vikifika kwenye ubongo mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, anabadilika tabia, na asipotibiwa anakufa. Tanganyika iligundua malale ya aina hii mwaka 1922 huko Maswa, na katika miaka iliyofuata ikatangazwa sehemu nyingi za magharibi. Mbung'o anahitaji kivuli cha vichaka. Watu wakiwa wengi mahali pamoja, wakifyeka na kulima, kivuli kinaondoka naye anaondoka. Hiyo ndiyo hesabu ya Mwingereza: wakusanye watu, pori litarudi nyuma.

Hesabu haikuwa mbaya, ila ilisahau kuuliza pori lilifikaje mlangoni. Helge Kjekshus, mwanazuoni aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1977 kitabu kilichodai kwamba kabla ya ukoloni watu wenyewe ndio waliomzuia mbung'o, kwa majembe yao, mifugo yao na moto wao wa kiangazi. Ikaja sotoka ya miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe, zikaja vita na njaa, mashamba yakaachwa, pori likarudi na nzi wake. Wapo wataalamu waliobishana naye kuhusu ukubwa wa mambo hayo. Mimi nimewasikiliza wazee wengi wa Buha, yaani huku kwetu, na simulizi zao zinamwegemea Kjekshus.

Malale haijaisha. Imebaki kwa wale ambao kazi yao iko porini: warina asali, wawindaji, wachunga ng'ombe. Asali ya Kibondo inasifiwa nchi nzima, lakini ni wachache wanaojua kwamba mrinaji hukaa kambini wiki kadhaa katikati ya mbung'o ili mtu wa mjini apake mkate. Nilikutana na mrinaji mmoja ambaye alikuwa ametibiwa malaria mara nyingi katika zahanati ambayo siitaji. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Swali hilo moja lingetosha kumfanya mtu achukue darubini na kuitazama damu yake kwa makini. Mkewe ndiye aliyeniambia, "Bwana afya, mume wangu usiku anaongea na nyuki." Alipona, ila kwa kutobolewa mgongo na kuchomwa dawa yenye sumu ya arseniki, dawa ambayo inajulikana kuua baadhi ya wale inaotaka kuwaponya. Mwishoni mwa mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilikubali vidonge vya feksinidazole kwa malale ya aina hii yetu. Kwa mtu aliyeona sindano zile, hiyo ni habari ya kuchinjia mbuzi.

Baba yangu naye alihamishwa. Safari hii hakukuwa na nzi. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wametawanyika juu ya vilima wakashushwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari kando ya barabara. Nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka zaidi ni baba kurudi usiku kukata mikungu ya ndizi kwenye mji tuliouacha, kama mwizi wa mali yake mwenyewe. Ahadi ilikuwa shule, zahanati na maji. Shule ilikuja, na mimi ni mtoto wa shule ile, kwa hiyo sitaitukana Operesheni kwa mdomo ulionenepeshwa nayo. Zahanati ilikuja baadaye. Maji hayakuja.

Pale juu kila kundi la miji mitatu minne lilikuwa na chemchemi yake bondeni. Kijijini tukawa mamia ya kaya tunaotegemea chemchemi moja, na vyoo vya shimo, kwa wale waliochimba, vikiwa upande wa juu yake. Mvua za Novemba zilipoanza kila kitu kilishuka. Watoto wa darasa letu walikuwa wakiharisha kwa zamu, na sisi tuliona ni msimu tu, kama msimu wa maembe. Kipindupindu kiliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974, wakati huohuo nchi nzima ikihamia vijijini, na kuanzia 1977 kikawa mgeni wa kila mwaka. Sisemi vijiji ndivyo vilivyokileta. Wimbi lile lilitoka Asia, likaingia Afrika mwaka 1970 na kupita nchi ambazo hazikuwahi kumhamisha mtu. Ninachosema ni kwamba kipindupindu kinapenda watu wengi wanaoteka maji mahali pamoja. Malale ilipenda watu wachache waliotawanyika porini. Ukifunga mlango mmoja bila kuutazama mwingine, unakuwa umembadilishia adui njia tu.

Hilo nililielewa vizuri mwaka 2015.

Aprili mwaka ule Burundi iliingia matatani juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na watu wakaanza kuvuka mpaka. Wengine walipita kwetu kwa miguu, kwenye njia zilezile tunazopita kwenda sokoni na kuoa. Wengi zaidi waliteremkia Ziwa Tanganyika, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kagunga. Anayeijua Kagunga anajua kwamba ziwa liko mbele na mlima uko nyuma, barabara ya gari hakuna. Kwa siku chache ufuko ule mwembamba ulibeba watu wanaokadiriwa kufika 50,000. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji: mv Liemba, meli ya Mjerumani iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915, ilikuwa inachukua watu wapatao 600 kwa safari. Wengine wakisubiri zamu yao walikunywa maji ya ziwa, wakaoga humo, wakafulia humo, na vyoo havikuwepo. Kipindupindu hakikuhitaji kitu cha ziada.

Liemba iliwafikisha Kigoma mjini, wakakaa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawaleta Nyarugusu, karibu na Makere, kambi iliyokuwepo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo. Huko ndiko nilikoazimwa. Sifa yangu kubwa haikuwa cheti. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Muha na Mrundi wakikaa chini wanaongea bila mkalimani, na wauguzi wengi walioletwa kutoka mikoa mingine hawakuwa na lugha hiyo.

Kwenye hema la kipindupindu unaingia kwa kukanyaga beseni la klorini na unatoka kwa kulikanyaga tena. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake. Kipindupindu halisi hakifanani na kuharisha tunakokujua. Yanatoka maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Asubuhi anatembea, jioni macho yamezama na ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Sumu ya bakteria inauamuru utumbo umwage maji na chumvi za mwili mzima. Asiyetibiwa anaweza kufa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Anayewahishiwa maji na chumvi, hatari yake inashuka chini ya mmoja kwa mia.

Wiki ya kwanza alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Makamba na mjukuu wa kama miaka miwili. Alikuwa amempakata, na kila nilipomkaribia na kikombe cha ORS, ile chumvi ya kunywa, aligeuza mgongo. Nikamwamkia kikwetu, nikakaa chini, nikamuuliza habari za njiani kwanza. Sisi huku salamu si jambo la kukimbiza. Alipomaliza kunieleza alitazama kikombe, akasema: "Mwanangu, maji ndiyo yaliyomharibu. Nawe unataka kumwongezea maji?"

Nimehudhuria semina nyingi na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Mantiki yake ni safi kabisa. Anaona maji yanaingia, anaona maji yanatoka. Anayempenda mtoto atafunga njia ya kuingilia. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kusema kwamba wananchi hawana elimu. Nilimwambia haya: mama, wewe umeona yanayotoka, hukuona yanayobaki. Ndani hamkubaki kitu, damu yake imekuwa nzito. Maji matupu yanapita tu, lakini haya yana sukari kidogo, na sukari ndiyo inayoifungulia chumvi mlango wa utumbo, na chumvi ikiingia inavuta maji. Ataendelea kuharisha leo, usiogope, ila hatakauka. Nikampa kijiko, si kikombe, nikamwambia ampe yeye mwenyewe, kijiko kimoja kimoja, na akitapika angoje kidogo aanze tena.

Kumpa ndugu wa mgonjwa kijiko si uvumbuzi wangu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon upande wa India na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa anaishiwa dripu, wagonjwa wakiwa wamelala chini. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawakabidhi akina mama, akina dada na akina shangazi wawanyweshe watu wao. Mahali ambapo wagonjwa 30 kati ya 100 walikuwa wanaweza kufa, vifo vikashuka kufikia 3 au 4. Wakubwa wengi wa udaktari wa siku zile hawakuwa na imani na dawa inayotolewa na shangazi wa mgonjwa. Mzee huyo alifariki mwaka 2022, na katika kata zetu sidhani kama kuna watu watano wanaolijua jina lake, ingawa karibu kila nyumba ina mtoto aliyekunywa dawa yake.

Hadi Mei 22, 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu wagonjwa wapatao 3,000 mkoani Kigoma na vifo 31, wakimbizi 29 na wenyeji 2. Vifo 31 ni vingi kwa aliyevibeba. Lakini linganisha na Goma, Julai 1994, Wanyarwanda walipofurika kando ya Ziwa Kivu, kwenye ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika choo: karibu watu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Idadi ya waliokufa Goma inakaribia idadi ya wote waliosimama Kagunga. Ugonjwa ni uleule, na ziwa ni la ukanda uleule. Walikuwa wengi zaidi kule, kweli, lakini tofauti kubwa ni kwamba Kigoma watu walitolewa ufukoni haraka, na maji yenye klorini, mahema na chumvi ya kunywa vikawatangulia au kuwafuata kwa karibu. Juni ikaja chanjo ya kumeza, dozi mbili, na wagonjwa wakapungua sana.

Klorini nayo ilikuwa na vita vyake. Nilikuwa natembea na kichupa cha plastiki na vidonge: unajaza maji, unatia kidonge, yakigeuka rangi ya waridi klorini ipo, yakibaki meupe haipo. Watu walilalamika kwamba maji yananuka dawa, wakapendelea ya kijito, matamu na baridi. Hakuna hotuba iliyowabadilisha. Kilichowabadilisha ni bomba kuwa karibu kuliko kijito.

Shirika moja, ambalo sina haja ya kulisema kwa jina, lilileta mabango mazuri yenye picha ya mama anayenawa mikono chini ya bomba la kung'aa kwenye sinki jeupe. Yalibandikwa mahali ambapo mama huyo alikuwa anapanga foleni nusu siku kwa ndoo moja ya lita 20 ya kupikia, kunywa, kuoga na kufulia. Mzee mmoja wa Kikongo aliniuliza kama ile ni picha ya Marekani. Wenzake walicheka, nami nikacheka.

Ndivyo ilivyo pia kwa ushauri wetu mtukufu wa kuchemsha maji. Nimeutoa maelfu ya mara, kwa mdomo wa serikali. Kuchemsha kunaua kipindupindu bila shaka yoyote. Lakini kuni zinatoka wapi? Wanawake wa Nyarugusu walikuwa wanatembea saa nyingi kutafuta kuni, wakigombana na wenye mashamba, wengine wakipatwa na mabaya ambayo siyaandiki hapa. Hata huku vijijini kwetu, ambako miombo imekwisha, mzigo wa kuni ni pesa. Kumwambia mama achemshe maharage saa tatu na kisha achemshe maji ya kunywa ya watu wanane ni kumpangia bajeti usiyoilipia. Dawa ya klorini ya dukani ni nafuu kuliko mzigo huo wa kuni, na chemchemi iliyojengewa vizuri, ikazungushiwa uzio na kuwekewa bomba, ni nafuu kuliko vyote kwa hesabu ya miaka kumi.

Kuna magonjwa ambayo njia yake si maji bali ni mkono wenyewe. Machi 2023 homa ya virusi ya Marburg ilitangazwa Bukoba, kwa jirani zetu wa kaskazini: wagonjwa 9 kwa jumla, 6 wakafa, ugonjwa ukatangazwa kwisha Juni 2. Marburg haina haja ya kisima. Inapita kwenye damu, matapishi na jasho la mgonjwa, na kwenye mwili wa marehemu anapooshwa. Ilizimwa kwa kazi isiyo na picha za kuvutia: kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumfuatilia kwa siku 21. Kitanga tulikaa na wasiwasi, na safari hii salamu zetu ndefu zilifupishwa bila kuambiwa mara mbili. Malaria ndiyo isiyotutisha tena, kwa kuwa tumeizoea, na hilo ni kosa. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta watoto 24 kati ya 100 wa Kigoma wana vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Mkoa wetu ulikuwa wa kwanza, na hakuna aliyepiga mbiu.

Wakati wa korona kila duka la Kasulu lilikuwa na ndoo yenye koki mbele ya mlango. Leo nyingi zinahifadhia unga. Sishangai. Ndoo inayojazwa na mtu mmoja kwa amri ya mtendaji hukauka siku mtendaji akihamishwa. Vibuyu chirizi vya shule zetu, vile vya dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga, vimedumu zaidi pale ambapo walimu wamewapa watoto wenyewe zamu ya kuvijaza.

Kipindupindu cha 2015 hakikuishia Kigoma. Agosti mwaka ule kilianza Dar es Salaam, kikazunguka Tanzania, na hadi mwanzoni mwa 2018 kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 33,000 na kuua zaidi ya 500. Wengi wa hao hawakuwa wakimbizi. Walikuwa wananchi katika mitaa na vijiji vyao, wakiteka maji pamoja kama sisi tulivyoteka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Waheshimiwa madiwani, mnapokaa kupanga bajeti, kabla ya kupitisha mnara wa simu au ukumbi, tembeleeni chemchemi ya kata zenu mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imenyesha usiku, na mnywe. Na wewe mzazi unayesoma haya, mtoto akianza kuharisha usingoje bodaboda ndipo uanze tiba. Kama huna pakiti ya ORS, chukua maji salama lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe chumvi. Mnyweshe kijiko kwa kijiko, anayenyonya aendelee kunyonya, na mwende zahanati mkiwa mnamnywesha njiani.